Nani Anamchelewesha Mwenzake

Nilipanda ngazi za studio ya mpenzi wangu nikiwa nimeshaamua. Sikuwa nakwenda kugombana, maana kugombana naye ni kumpigia mbuzi gitaa, na huyu gitaa anapiga mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kuchukua mashine yangu ya midundo. Nichomoe waya, niitie kwenye mfuko, niseme kwaheri, niteremke. Nilikuwa nimejiapiza nyumbani mbele ya mama na shangazi, na mimi nikijiapiza huwa sina utani.

Saa kumi ndiyo aliyoambiwa aje. Hakuambiwa alete wazee wala mali. Aje tu, avae shati lenye kola, akae kitako mbele ya mama yangu, aseme ananitakia nini. Nilipiga deki sebule mwenyewe. Nilibadilisha mapazia. Shangazi yangu, ambaye ni mkunga na alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo, aliacha kulala akajifunga kitambaa kichwani akaja kukaa nasi. Chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Simu yake inaita, inaita, haipokelewi. Mama aliinuka akaenda mbele dukani kupiga pasi, kama kwamba siku yenyewe ilikuwa ya kawaida.

Sisi ni madobi. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, na mimi nimekulia katikati ya mvuke wa pasi na harufu ya sabuni. Mama alilianzisha baba alipofariki, na tangu nimalize shule tunaliendesha wawili. Midundo yangu yote imetoka humo. Ile mashine kubwa ya kufulia ina beringi mbovu, ikizunguka inasema du-du-tak, du-tak, na siku moja nilijikuta napiga pasi nikicheza. Nikaanza kuwekewa akiba ya mshahara wangu na mama, nikanunua mashine ya midundo, na ndipo nilipokutana na huyu fundi wa spika aliyekuja kunionyesha namna ya kuiunga. Akaiunga. Hakuondoka mpaka giza.

Nyumbani walimwita Yule wa Waya. Mama hakumpenda tangu siku aliyosikia muziki wetu kwenye simu yangu.

"Hiyo ni filimbi?" aliuliza.

"Ni gitaa, Mama."

"Naisikia filimbi."

"Anapiga gitaa, limeungwa kwenye sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti, nayo inatoa filimbi. Akitaka inatoa kengele. Akitaka inatoa kwaya."

Mama alikunja suruali ya mteja, akainyoosha mstari kwa kidole. "Mwanangu, mtu ambaye hata gitaa lake halisemi kweli, yeye mwenyewe atasema?"

Nilicheka siku ile. Siku hii niliyokuwa napanda ngazi sikuona cha kuchekesha.

Studio ni chumba kimoja juu ya karakana ya baiskeli. Ukutani amebandika trei za mayai, nyuma ya mlango amesimamisha godoro kuukuu ili sauti isitoke, nayo inatoka vilevile. Nilisukuma mlango bila kubisha. Nikamkuta amekaa juu ya spika, gitaa mapajani, spika ndogo masikioni, anakwangua uzi mmoja huohuo. Amevaa shati lenye kola. Limepigwa pasi, vibaya, lakini limepigwa.

Hilo shati ndilo lililonimaliza.

"Umevaa," nikasema.

Akatoa vile vispika masikioni. "Nimevaa."

"Umevaa ili ukae hapa?"

Akaushika tena uzi wake.

"Simu yako iko wapi?"

"Kwenye droo."

"Inafanya nini kwenye droo?"

"Ilikuwa inaita."

Nilivuta pumzi. Nikaishikilia. Nikaiachia. Mtu mwingine angepiga kelele, mimi nikajisifu kwa ustaarabu wangu. "Nisikilize. Umesahau, umeogopa, au hutaki? Chagua moja. Nimekupa na majibu kabisa, hata shuleni hawakusaidii hivyo."

"Sikusahau, bosi."

Bosi ndilo jina aliloniita siku zote. Siku zote lilinifanya nitabasamu kipumbavu. "Usiniite bosi. Yamebaki mawili."

"Sikuogopa."

"Basi hutaki."

Akaniangalia. Ana macho mazito, ya mtu anayesikiliza hata anapotazama, na mimi hayo macho nimeshayaogopa kwa sababu yamenitoa kwenye hasira nyingi za haki. Nilitazama pembeni, kwenye trei za mayai.

"Siwezi kukuambia," akasema.

"Huwezi."

"Siyo la kwangu kulisema."

"Ni la nani? La gitaa?"

Akainamia gitaa lake. Hivi ndivyo alivyo. Swali dogo la ndiyo au hapana, yeye analizungusha moyoni wiki nzima, halafu anakujia na wimbo usio na maneno akutarajie uelewe. Nimemsubiri mtu huyu mpaka subira yenyewe imenichoka. Kila mama aliposema, "Huyo kijana ana nia gani?" mimi ndiye niliyejibu, "Mpe muda." Kila shangazi aliponivuta pembeni, "Mpe muda, Shangazi." Nimemwombea muda kama mtu anayemwombea ndugu yake dhamana. Na nampenda. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba hata nilipokuwa nimesimama pale nataka kumrushia kiti, niliona kola yake imekunjika nyuma na mkono ukaniwasha kuinyoosha.

"Nimekuja kuchukua mashine yangu," nikasema.

Alishtuka sasa. Aliweka gitaa chini, akasimama. "Mashine ya midundo?"

"Ninayo nyingine?"

"Bosi, tukae kidogo."

"Nimekaa tangu saa kumi. Makalio yananiuma kwa kukaa."

Nikaenda mezani. Mashine ilikuwa inawaka, taa zake ndogo zinakimbizana. Kabla sijaizima nikakumbuka kwamba kuna kitu nilikiweka humo kwa ajili yake, na kwa kuwa naondoka, hakina kazi tena. Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Yeye alikuwa amesogea nyuma yangu, na akaiona ile namba kwenye kioo.

"Hiyo ni nini?"

"Haikuhusu tena."

"Hiyo ni ya kuchelewesha ngoma?"

"Ndiyo."

"Ngoma zinachelewa?"

"Kidogo. Nilizichelewesha mimi."

"Lini?"

"Tangu tulipoanza kupiga kumbini. Kwa ajili yako."

Alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, katikati ya waya.

Nieleze, maana bila hili mtu hawezi kuelewa upumbavu wetu. Gitaa la kawaida ukipiga uzi, sauti imetoka. Hili lake, kuna kidude chini ya nyuzi kinachosikiliza kwanza uzi gani umepigwa, kisha kinaiambia sinthesaiza, na sinthesaiza ndiyo inayolia. Hapo pana kuchelewa. Ni kidogo mno, pungufu ya kupepesa jicho, na nyuzi nene huchelewa zaidi kwa kuwa zinatetemeka polepole. Ukiwa umekaa husikii. Ukitaka kucheza, mguu unasikia.

Na watu walikuwa hawachezi. Hilo ndilo jeraha letu. Tulipigia kumbi, watu wakaja, wakapenda, wakapiga makofi, wakasimama tu kama wanasubiri basi. Mwenye ukumbi mmoja alituambia kwa upole, "Muziki wenu mtamu, ila miguu inaukataa." Tukarudi tunagombana njia nzima. Mimi nikisema, "Wewe unawahi." Yeye akisema, "Wewe unaburuta." Tumelala tumenuniana kwa ajili ya hilo, tumeamka tumenuniana kwa ajili ya hilo.

"Gitaa lako lilikuwa linachelewa," nikamwambia pale sakafuni. "Nikaona badala ya kukuambia, nisogeze ngoma zangu nyuma kidogo zikungoje. Wewe kule masikioni unasikia tiki-tiki ya kuhesabu mapigo, ambayo sijaigusa. Ukumbini wanasikia ngoma nilizosogeza. Nilijua hutagundua."

"Sikugundua."

"Basi."

"Mimi nilijua gitaa linachelewa," akasema polepole. "Nikajifunza kuupiga uzi kabla. Kabla ya tiki-tiki. Kidogo tu, ili sauti ifike pamoja na ngoma yako. Nimefanya mazoezi mpaka kidole kimeota sugu."

Nikamwangalia.

"Kwa hiyo wewe unawahi ili unifikie," nikasema.

"Na wewe unachelewa ili nikufikie."

"Tunapishana."

"Kila wimbo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema gitaa langu linakusumbua, nirudi kwenye gitaa la kawaida. Na wewe?"

"Ulikuwa unajivunia lile gitaa. Sikutaka kukuvunja moyo."

Karakana ya chini walikuwa wanagonga rimu, ngo, ngo, ngo. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua, nikakasirika upya. Muda wote ule. Ugomvi wote ule. Watu wazima wawili, kila mmoja anamhurumia mwenzake kimyakimya, na muziki unakufa katikati yetu.

"Futa hiyo namba," akasema. Alikuwa ameshaokota gitaa.

"Sikuja kupiga muziki."

"Najua. Futa tu."

Nikaifuta. Ikawa sifuri. Nikaanzisha midundo, ile ya mashine ya kufulia, du-du-tak, du-tak, safari hii moja kwa moja kwenye spika bila kusubiri mtu. Akafumba macho, akapiga uzi mnene kabla, na sauti ikatoka, pana, nzito, kama filimbi kubwa iliyopulizwa chini ya ardhi. Ikatua juu ya ngoma yangu, palepale. Sijui niseme nini zaidi. Iliingia.

Mguu wangu ukaanza bila ruhusa yangu. Nikautazama kwa chuki. Kule chini walioshika nyundo wakaacha kugonga, halafu wakaanza tena, sasa wanagonga kwa mdundo wetu. Alifumbua macho akaniona nacheza nimenuna. Akatabasamu, na mimi nikasahau kutazama trei za mayai. Tulitazamana hivyo mpaka midundo ikarudi mwanzo, kama siku ile ya kwanza aliyokuja kuunga waya akakawia kuondoka.

Nikaizima mashine.

"Haibadilishi kitu," nikasema. "Hukuja."

Tabasamu likamtoka.

Mlango ukasukumwa, godoro likaanguka, na juu ya godoro akatokea shangazi, anahema, viatu mkononi. Ngazi zile si za mtu aliyesimama zamu nzima.

"Shikamoo, Shangazi," tukasema wote wawili.

"Marahaba." Alitafuta pa kukaa, akakikuta kiti, akakaa. "Mmeshaachana?"

"Ndiyo," nikasema.

"Bado," akasema yeye.

"Nimewahi, basi." Akamgeukia. "Kijana, umemwambia?"

"Sijamwambia, Shangazi."

"Aniambie nini?" nikauliza.

Shangazi alijipepea na kiatu. Ni mwanamke ambaye kazi yake ni kuwaambia watu mambo mazito katika hali wasiyotaka kuyasikia, na hana desturi ya kuzunguka. "Alikuja asubuhi. Wewe ulikuwa umepeleka mashuka kule nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa nimejilaza chumba cha nyuma, nasikia kila kitu. Alikuja mapema, shati lake hilohilo, akaamkia vizuri. Mama yako akamfukuza."

Nilidhani sijasikia sawasawa. "Akamfukuza?"

"Si kwa fimbo. Akamwambia asije saa kumi. Akamwambia, ukimpenda mwanangu, leo usije, na simu yake usipokee. Atakasirika, atalia, yatapita. Nikajua nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki. Nimenyamaza mpaka ulipotoka mlangoni unajiapiza, ndipo miguu ikaniinua."

Nikamgeukia mwanamume wangu. Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo. Hasira niliyopanda nayo ngazi ilikuwa mzaha.

"Ukakubali?"

"Ni mama yako."

"Na mimi ni nani? Jirani?"

"Bosi."

"Umenikalisha kwenye sebule niliyoipiga deki, napasha chai, nakutetea. Naapa mbele ya watu. Kumbe nyinyi wawili mmeshakaa mkanipangia. Ungeniacha niondoke na mashine yangu? Ungenyamaza tu hapo juu ya spika?"

"Sikujua nitafanya nini." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikwenda mapema kwa sababu nilitaka nimwambie peke yake kwanza. Nilijua ananiogopa, nikasema nikifika kabla ya watu atanisikiliza. Nikaanza tu kusema, akalia."

"Mama yangu halii."

"Alilia. Ameshika pasi mkononi, analia. Akasema usijue."

Mama hakulia hata tulipomzika baba, au alilia mahali ambapo sisi hatukuwepo. Nilimwona kwa mawazo, na pasi yake, na mvuke, mbele ya kijana wa waya. Ukaniuma moyo, na ukaniuma zaidi kwamba kaniachia nijue kwa mdomo wa wengine.

Shangazi akasema, "Anaogopa kubaki peke yake na lile duka. Hatakuambia kamwe. Atasema gitaa."

"Nimeelewa," nikasema. "Ngoja niseme nilivyoelewa. Wewe umemhurumia mama. Mama kajionea huruma, na ana haki. Mimi nimekuhurumia wewe, nikakuchelewesha na kwenye ngoma na kwetu. Shangazi katuhurumia wote mpaka kapanda ngazi. Huruma imejaa humu ndani hata pa kukanyaga hakuna. Aliyeniuliza mimi nataka nini ni nani?"

Shangazi akaacha kujipepea.

"Haya, mimi nauliza. Unanitaka au hunitaki?"

Mkono wake ukaenda kwenye gitaa. Namjua, angepiga kitu kizuri mno, na mimi ningelainika, na tungerudi palepale.

"Usiguse hilo gitaa. Kwa mdomo."

Akauondoa mkono. Alitoka jasho. Shangazi aliinama kuvaa viatu vyake, kwa heshima, akavivaa taratibu kuliko viatu vinavyohitaji.

"Nakutaka," akasema. "Nataka kukuoa. Nilinyamaza muda wote kwa sababu niliona una duka, una mama, nikasema nikikuharakisha nitakutenganisha nao. Kumbe ulikuwa unaningoja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi la kusema, refu, zuri. Limenitoka lote. Nakutaka tu."

"Na mama akikuambia tena usije?"

"Nitakuja."

"Na akilia?"

Alifikiri. Angejibu upesi ningemwacha. "Nitakaa naye mpaka anyamaze. Lakini nitakuwa nimekuja."

Nikamnyooshea ile kola.

Tuliteremka wote watatu. Shangazi alitushika mabega, mmoja huku, mwingine huku, analalamikia magoti. Duka letu lilikuwa wazi bado. Mama alikuwa meza ya pasi, mgongo kwetu, ananyoosha shati jeupe la mteja ambalo nililinyoosha mwenyewe jana. Aligeuka. Akamwona yule, akaniona mimi, akamwona dada wa marehemu mumewe nyuma yetu, na akajua kwamba tunajua. Akaiweka pasi pembeni.

"Mama, alikuja asubuhi?"

"Alikuja."

"Na mimi ukaniacha nimtukane mbele yako jioni yote."

Mama alikunja shati, upande mmoja, upande mwingine. "Gitaa lake halieleweki," akasema.

"Mama."

"Kijana mwenyewe hana kazi ya kueleweka."

"Mama, nakuomba. Niambie la kweli mara moja tu, nipate kukasirika vizuri."

Mikono yake ikasimama. Ilikuwa mikono ile ile iliyonifunga vifungo vya shule, imekauka kwa sabuni. "Ukiondoka wewe," akasema, "mimi nitaongea na nani humu ndani?"

Nilitaka kumwambia kwamba siendi mbali, kwamba studio iko mtaa wa pili tu, kwamba nitakuja kila asubuhi kupiga pasi kama kawaida. Yote yalikuwa kweli. Lakini hayo ni maneno ya kumpoza mtu, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshachoka na kupozana.

"Nitaondoka, Mama," nikasema. "Nitaolewa na huyu. Duka sitaliacha na wewe sitakuacha, ila nitaondoka. Na ukiwa na la kusema, utaniambia mimi. Si yeye. Mimi."

Machozi yalinitoka nikiwa bado nimekasirika, sikuyafuta. Mama naye hakuyafuta ya kwake. Shangazi alijifanya anasoma bei za ukutani.

Mwanamume wangu alisogea mbele, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Shikamoo, Mama."

Mama hakuitikia. Mashine kubwa ilikuwa inamalizia kukamua, du-du-tak, du-tak, ikapunguza, ikasita, ikanyamaza. Alimtazama kuanzia viatu hadi lile shati lililopigwa pasi vibaya, macho yakakaa hapo kwenye shati. Mimi nilisimama katikati yao, nimekaza meno, sijui nitafanya nini akigeuka kurudi kwenye pasi yake.

"Marahaba," akasema.

Kisha akanigeukia mimi, kwa ile sauti yake ya kukaripia anayoitumia nikichanganya nguo za wateja.

"Wewe naye una akili gani? Mwenzio amesimama muda wote huu, humpi kiti."